Grace Hopper: Mwalimu Aliyeifundisha Kompyuta Kutumia Maktaba

Ukimuuliza mwanafunzi wa kompyuta hapa chuoni Grace Hopper alikuwa nani, na kama analijua jina hilo, atakujibu kitu kimoja tu: ni yule mama wa Kimarekani aliyemtoa mdudu ndani ya kompyuta. Mdudu mwenyewe alikuwa nondo. Namaanisha nondo yule anayezunguka taa usiku, si nondo za zege wala zile tunazoshushiana kwenye semina. Hadithi hiyo ina ukweli wa nusu. Tarehe 9 Septemba 1947, mashine iliyoitwa Mark II pale Chuo Kikuu cha Harvard ilikorofisha, mafundi wakafungua na kumkuta nondo amenaswa kwenye rilei, wakambandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi. Daftari hilo bado lipo, kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Marekani. Lakini si Hopper aliyemkuta, na mainjinia walikuwa wakiita hitilafu "mdudu" tangu enzi za Edison. Yeye aliipenda tu hadithi ile na kuisimulia kila alipoalikwa.

Mimi sina ugomvi na nondo. Ugomvi wangu ni kwamba amekaa kwenye nafasi ya jambo kubwa zaidi alilofanya mama huyu, jambo linalomgusa kila mmoja wetu aliyewahi kukaa mbele ya skrini na kuona maandishi mekundu yakisema maktaba fulani haikupatikana.

Kwa wasiosoma kompyuta nieleze kidogo. Hakuna mtu anayeandika programu yote kuanzia sifuri. Ukitaka kuchora grafu, kusoma faili au kupiga hesabu ya kipeuo cha pili, kuna mtu alishaiandika kazi hiyo zamani, ameiweka kwenye kifurushi kinachoitwa maktaba, na wewe unaiita kwa jina. Halafu kuna chombo kinachojenga programu yako: kinasoma majina uliyoyaita, kinatafuta maktaba hizo, kinaziunganisha na kazi yako. Kisipoipata hata moja, kinagoma. Kila kitu kinasimama.

Nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na masomo yangu ya kufundishia ni hisabati na kompyuta. Katika mkondo wetu wapo wenzangu wawili walioacha somo la kompyuta baada ya wiki kadhaa za maandishi mekundu hayo. Hawakuwa wazembe. Mmoja wao alikuwa akinifundisha mimi algebra pale kwenye vimbweta. Waliondoka wakiamini kwamba mashine imewapima akili na kuwaona hawatoshi, na hapa chuoni hakukosekani wa kuwathibitishia hilo, maana wapo wanaoamini watu wa ualimu hatuna shughuli kwenye maabara ya kompyuta. Ndiyo maana nataka kumsimulia Hopper. Tatizo la maktaba isiyopatikana lina umri mkubwa kuliko wazazi wetu, na mmoja wa watu wa kwanza kulishika kwa mikono yake alikuwa mwalimu wa hisabati.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alikuwa wakala wa bima, na mama yake alipenda hisabati katika zama ambazo binti hakutarajiwa kuipenda. Akiwa na miaka saba aliifungua saa ya mezani ili aone inavyofanya kazi. Ikamshinda kuirudisha. Akachukua nyingine aone ile ya kwanza ilikuwaje, nayo ikamshinda, akaendelea hivyo mpaka saa saba za nyumba nzima zikawa vipande. Mama yake alipogundua hakumchapa. Alimwachia saa moja tu ya kuchezea. Nadhani wengi wetu tungepata zaidi ya hapo.

Alipoomba nafasi Vassar, chuo cha wasichana, mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu alama zake za Kilatini zilikuwa chini. Akarudia mwaka uliofuata na kuingia 1924. Akahitimu hisabati na fizikia mwaka 1928, akaenda Yale akachukua shahada ya pili 1930, na ya udaktari 1934. Kabla hata ya kumaliza udaktari alikuwa amerudi Vassar kufundisha, tangu 1931. Mwaka 1930 alikuwa ameolewa na Vincent Hopper, naye mwalimu wa chuo kikuu, na jina la Hopper alibaki nalo maisha yote ingawa ndoa ilivunjika mwaka 1945.

Kipindi cha Vassar waandishi wengi wanakiruka, ila kwangu ndicho kitamu. Katika darasa la hisabati aliwapa wanafunzi kanuni moja na kuwataka waiandikie insha, kisha akasahihisha na lugha pia. Wakalalamika kwamba wamekuja kusoma hisabati, si Kiingereza. Yeye akawaeleza kwamba hisabati usiyoweza kumwelezea mwenzako haina faida. Shikilia hilo, maana ndilo linaloeleza karibu kila alichofanya baadaye.

Vita ya pili ya dunia ikamkuta darasani. Marekani ilipoingia vitani mwishoni mwa 1941 alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Walimkataa: umri umekwenda, uzito haufiki, tena mwalimu wa hisabati alihesabiwa kuwa anahitajika zaidi kazini kwake. Aling'ang'ania mpaka akapata ruhusa maalumu, na Desemba 1943 akaingia kikosi cha akiba cha wanawake, akiwa ametimiza miaka 37. Kwenye mafunzo aliongoza darasa. Alitegemea kupelekwa kwenye kazi za siri za kufumbua maandishi ya adui. Badala yake, Julai 1944, wakampeleka Harvard, kwenye chumba chenye mashine ya urefu wa mita 15 na ushei na uzito wa tani zipatazo tano. Hiyo ndiyo Mark I. Bosi wake, Howard Aiken, alimpokea kwa kumuuliza alikuwa wapi siku zote hizo, kisha akampa kazi ya hesabu ya kumaliza ndani ya wiki moja.

Hapa ndipo maktaba inapozaliwa, ingawa hakuna aliyeiita hivyo siku hiyo. Mark I ilikuwa ikisoma maagizo kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kila hesabu mpya ilihitaji utepe wake. Hopper na mwenzake Richard Bloch wakagundua kwamba vipande fulani vinajirudia: hesabu ya saini ya pembe, ile ya trigonometria, ikishaandikwa na kuthibitishwa kuwa sahihi, ya nini kuiandika tena? Wakawa wanavihifadhi vipande hivyo kwenye madaftari. Mtu akihitaji kimoja, anamwomba mwenzake daftari, ananakili kwa mkono, anaendelea. Ilikuwa maktaba ya kuazimana, kama tunavyoazimana notsi wiki ya mitihani.

Na kama ilivyo kwa notsi za kuazima, makosa yaliingia wakati wa kunakili. Hopper alikuja kusema mara nyingi kwamba waandishi wa programu wana udhaifu wa aina mbili: hawawezi kunakili na hawawezi kujumlisha. Herufi B iliyoandikwa haraka ilisomwa kuwa 13. Tarakimu 4 ilisomwa kuwa alama nyingine. Kosa moja la mwandiko, na mashine nzima inatoa majibu ya ajabu, na hakuna anayejua kosa liko ukurasa gani.

Udhaifu wa kujumlisha ulionekana zaidi baada ya yeye kuhama. Harvard hawakumpa nafasi ya kudumu, na mwaka 1949 akaenda Philadelphia kwenye kampuni changa ya Eckert na Mauchly, iliyokuwa ikitengeneza UNIVAC. Miaka ile haikuwa mizuri kwake. Ndoa ilikuwa imekufa, kampuni ilikuwa inayumba kifedha mpaka ikanunuliwa na Remington Rand mwaka 1950, na pombe ilimshika kiasi cha kumfikisha polisi. Wanaosimulia maisha yake kwa watoto wa shule hulificha hilo. Mimi sioni sababu. Kazi aliyoifanya mwaka uliofuata inaonekana kubwa zaidi ukijua alikuwa anatokea wapi.

UNIVAC ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 1,000 tu, yaliyohifadhiwa kama mawimbi ya sauti ndani ya zebaki. Kila neno lilikuwa na anwani yake, sifuri mpaka 999. Sasa chukua kipande kilichoandikwa kikidhani kitakaa kuanzia anwani sifuri. Wewe unataka kukiweka kuanzia anwani 300. Kila mahali ndani yake penye agizo la kwenda kwenye anwani ya 12, lazima pasomeke 312. Ya 40 iwe 340. Yaani unakaa na kalamu, unajumlisha 300 kwenye kila agizo, mamia ya mara, na ukikosea moja tu programu inaruka kwenda pasipo na kitu. Hopper alitazama watu wenye shahada za hisabati wakifanya kazi hiyo na kukosea, na akajiuliza swali ambalo leo linaonekana la wazi kabisa: kunakili na kujumlisha si ndizo kazi ambazo mashine hii imetengenezwa kuzifanya?

Kati ya Oktoba 1951 na Mei 1952 akaandika programu aliyoiita A-0. Akachukua vijiprogramu vyote vilivyokuwa vimethibitishwa, akavipanga kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake ya wito, kama vitabu rafuni. Mtumiaji aliandika orodha fupi tu: leta namba fulani, mpe tarakimu hizi, jibu liweke pale. A-0 ilisoma orodha hiyo, ikakifuata kila kijiprogramu kwenye utepe, ikakinakili, ikajumlisha anwani zote, ikatoa programu iliyokamilika. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukusanya, ndipo akaiita kompaila. Leo neno hilo limehamia kwenye kazi nyingine, na wataalamu wakiitazama A-0 wanasema ilifanana zaidi na linka, kile chombo kinachounganisha programu na maktaba zake. Kwa hiyo babu wa yale maandishi mekundu ni huyo.

Kulikuwa na kigingi kimoja, na namna alivyokitatua ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mashine ilikuwa inapita orodha mara moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuruka kurudi nyuma ni rahisi, maana kipande cha nyuma kimeshapewa anwani. Lakini kipande kikisema kwamba kikimaliza kiruke kwenda kwenye kipande kilicho mbele, ambacho bado hakijafikiwa, utaandika anwani gani? Hujui kitakaa wapi. Unaita jina la mtu ambaye bado hajapangiwa chumba.

Jibu alilipata uwanjani. Akiwa Vassar alicheza mpira wa kikapu kwa sheria za wanawake za wakati ule, ambazo kina dada wa netiboli hapa chuoni wangezielewa haraka: ukiwa na mpira mkononi huruhusiwi kutembea nao, na kudunda ni mara moja tu. Unamrushia mwenzako, unakimbia mbele, naye anakurudishia ukiwa umeshafika. Hopper akatenga kona ndogo mwishoni mwa kumbukumbu, akaiita kona isiyo na upande. Kipande kinachotaka kuruka mbele kinaruka kwenda kwenye nafasi fulani ya ile kona, na kinamwachia alama yule wa mbele kwamba kuna ujumbe wako. Kila kipande kinapofikiwa na kupewa anwani, kinatazama kwanza kama kina alama. Kikiikuta, kinaandika anwani yake pale kwenye kona. Mpira umerudi.

Ukiwaza hivyo, maneno kwamba jina halijatatuliwa hayasemi hata kidogo kwamba programu yako ni mbovu. Maana yake ni kwamba kuna ujumbe umeachwa kwenye kona na aliyeandikiwa hakuja kuuchukua. Kazi yako ni kujua kwa nini hakuja. Je, hayupo kabisa? Yupo lakini anaitwa jina lingine? Au alipita kabla ujumbe haujaachwa?

Hilo la mwisho si mzaha. Wanaosoma lugha ya C wanalikuta mpaka leo. Linka ya GNU inapopitia maktaba zile zinazonakiliwa moja kwa moja ndani ya programu, inazisoma kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpangilio ulioziandika, na kwa kawaida hairudi nyuma. Ukiitaja maktaba ya hesabu kwanza, halafu ndipo faili lako linaloihitaji, linka itaipita ile maktaba bila kuchukua kitu kwa sababu wakati huo hakuna aliyeomba chochote. Ikifika kwenye faili lako na kukuta ombi, maktaba imeshapitwa. Inalalamika. Mwanafunzi anaapa kwamba maktaba ipo, na ni kweli ipo. Hamisha neno moja kutoka kushoto kwenda kulia na kila kitu kinapona. Ndiyo maana inabidi usome lalamiko lenyewe linasema nini: kutoiona maktaba kabisa ni ugonjwa mmoja, kuiona maktaba lakini kukosa jina ndani yake ni ugonjwa mwingine, na dawa zao hazifanani.

Kwa tunaotumia Java, na vyombo kama Maven na Gradle, rafu la vitabu haliko tena kwenye utepe pembeni ya mashine. Liko kwenye intaneti, kwenye maghala makubwa ya maktaba. Hapo tatizo la Hopper limeongezewa bando. Gradle ikikosa maktaba, mara nyingi inakuorodheshea kila mahali ilipotafuta. Watu wengi wanasoma mstari wa kwanza mwekundu na kufunga kompyuta, kumbe jibu liko mistari minne chini. Miradi mingi ya zamani tunayonakili kutoka kwenye vitabu inaelekeza kwenye ghala la JCenter, ambalo wenyewe walitangaza kulifunga mwaka 2021. Unatumwa dukani kununua sukari, unafika unakuta duka lilishahama. Wewe una kosa gani?

Kuna na jingine la Maven ambalo kundi letu lilikutana nalo kwenye mradi wa mwaka huu. Mtandao wa maabara ulikatika katikati ya kushusha maktaba. Uliporudi tukajenga tena, na Maven ikakataa kabisa hata kujaribu. Sababu ni kwamba inapokosa kitu inaandika kumbukumbu ya kukosa huko kwenye folda yake ndani ya mashine, na mpaka muda wake uliowekwa upite inaamini kumbukumbu yake badala ya kuuliza tena ghalani. Ukiilazimisha kwa amri ya kuhuisha, au ukifuta folda la maktaba hiyo, inakwenda. Wenzangu wale wawili waliacha somo kabla hawajafika hapa. Sina hakika kama ni maktaba hasa iliyowaondoa, ila najua hakuna aliyekaa nao dakika kumi kuwaeleza hiki nilichoandika katika aya hizi mbili.

Turudi kwa mwenyewe. Mei 1952 aliipeleka kazi yake Pittsburgh, kwenye mkutano wa wataalamu wa kompyuta, kwa makala aliyoipa jina linalohusu kuielimisha kompyuta. Jina hilo nimelifikiria sana kama mtu wa ualimu. Hakusema kuiendesha wala kuitawala. Upande wa pili wa bahari, pale Cambridge nchini Uingereza, akina Wilkes, Wheeler na Gill walikuwa tayari na maktaba yao ya vijiprogramu na mwaka 1951 walichapa kitabu kuihusu, kwa hiyo si haki kumpa Hopper sifa zote peke yake. Ila kwao nyumbani, kwa maelezo yake, alikaa na kompaila inayofanya kazi na hakuna aliyetaka kuigusa. Walimwambia kompyuta inajua hesabu tu, haiwezi kuandika programu.

Akaongeza dozi. Kama mashine inaweza kufuata namba ya wito, inaweza pia kufuata neno. Akapendekeza programu za biashara ziandikwe kwa maneno ya kawaida, ili karani wa mishahara aweze kuzisoma. Kuwaonyesha wakubwa kwamba maneno ni alama tu, akaandaa programu ileile kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wakubwa wakashtuka. Haikuwaingia akilini kwamba kompyuta ya Kimarekani iliyotengenezwa Philadelphia inaweza kuelewa Kijerumani. Ikabidi abaki na Kiingereza peke yake. Kwa hoja yake mwenyewe hata Kiswahili kingefaa, na sioni kama kuna mtu amewahi kumjibu.

Lugha hiyo, iliyokuja kuitwa FLOW-MATIC, ndiyo iliyochangia zaidi kwenye COBOL, iliyobuniwa na kamati kuanzia 1959. Hopper hakuiandika COBOL kama magazeti yanavyopenda kudai. Alikuwa mshauri, na kazi ilifanywa na watu kama Jean Sammet na wenzake. Ila Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za makampuni mawili yanayoshindana, RCA na Remington Rand, na ikakubali kote kuwili. Kwa mtu aliyewahi kunakili saini ya pembe kutoka kwenye daftari la mwenzake, siku ile haikuwa ndogo.

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa 1966. Miezi saba haikuisha wakaona hawamuwezi kumkosa, wakamrudisha Agosti 1967 kwa miezi sita. Miezi sita hiyo ikaisha baada ya miaka 19, ukiacha pengo fupi la kustaafishwa tena mwaka 1971. Kazi waliyomrudishia ilikuwa ya maktaba kwa sura nyingine: kila kampuni ilikuwa na COBOL yake, na programu iliyopona kwenye mashine moja ilikufa kwenye nyingine. Akasimamia utengenezaji wa programu za majaribio za kuzipima kompaila zote kwa kipimo kimoja, na muuzaji aliyefeli hakuwa na pa kujificha. Wanaohangaika na maktaba ileile inayokubali kwenye toleo moja na kukataa kwenye jingine wanajua alikuwa anapigana na nini.

Uzeeni alizunguka vyuo akifundisha. Alibeba vipande vya waya vya urefu wa sentimita 30 hivi na kuwagawia watu: huo ndio mwendo ambao umeme hauwezi kuuvuka ndani ya nanosekunde moja. Kisha alionyesha rola la waya wa mita 300, hiyo ni maikrosekunde, ili mwandishi wa programu ajue anapoteza nini. Ofisini kwake alikuwa na saa ya ukutani inayokwenda kinyume, ya kuwanyima watu uhuru wa kusema ndivyo tulivyozoea kufanya. Ni zana za kufundishia za gharama ndogo sana, na kila mwaka tunaokwenda mazoezi ya kufundisha tunalia hatuna zana.

Alistaafu kabisa tarehe 14 Agosti 1986, juu ya meli kongwe ya USS Constitution huko Boston, akiwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79. Kampuni ya Digital ikamwajiri kama mshauri, na alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki Arlington, Virginia, tarehe 1 Januari 1992. Alikuwa na miaka 85. Alikuwa amewaambia watu kwamba anataka kuishi mpaka usiku wa mwisho wa 1999, aone sherehe, kisha awacheke wote waliosema kompyuta haitaweza hiki wala kile. Usiku huo ulipofika, miaka minane baada ya kuzikwa kwake, mainjinia wa mabenki na serikali sehemu nyingi duniani walikesha kazini wakizilinda programu za zamani zilizohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeandikwa kwa COBOL.